Taulo la Imabari lililofumwa kwa pamba ya Tanzania

Taulo ninalolieleza hapa ni la kuogea, la aina iitwayo Cotton Nouveau, linalofumwa na kampuni ya IKEUCHI ORGANIC katika mji wa Imabari, Mkoa wa Ehime, kisiwani Shikoku nchini Japani. Nililinunua mjini humo mwaka jana, baada ya kuvuka bahari kwa basi kutoka Fukuyama kupitia madaraja ya Shimanami Kaido, na tangu hapo limetumika nyumbani kwangu karibu kila siku. Kilichonipeleka ni pamba yake. Imelimwa Tanzania, nami nimezaliwa Maswa, katika nyumba ambayo ada za shule zililipwa kwa fedha ya pamba.

Kwa kawaida viwanda vya nyuzi huchanganya pamba za misimu na nchi mbalimbali ili uzi usibadilike mwaka hadi mwaka. Cotton Nouveau inakwenda kinyume na desturi hiyo: hutumia pamba hai, yaani iliyolimwa bila kemikali za viwandani, ya msimu mmoja, na mwaka huo hutajwa katika jina la taulo, kama wafanyavyo watengenezaji wa mvinyo. Mvua ikichelewa au jua likizidi, tofauti hiyo haifichwi. Ukilishika taulo kwa mara ya kwanza utalihisi lina ukavu kidogo, wala halina ule utelezi wa taulo lililopakwa dawa ya kulainisha ili lipendeze dukani. Nilidondosha tone la maji juu ya vitanzi vyake vifupi. Halikusimama kama lulu, bali lilizama mara moja na kuacha doa la unyevu. Baada ya miezi ya kufuliwa, vitanzi bado vimesimama, pindo halijafumuka, na mwili hukauka kwa kuguswa tu, bila kusugua. Zamani nilikuwa na taulo la bei nafuu kutoka duka ambalo sina haja ya kulitaja, ambalo kwa wiki nzima lilikuwa likiniachia manyoya mgongoni. Hili halijafanya hivyo hata mara moja.

Ubora huo una historia ya mji mzima. Imabari ilianza kufuma mataulo mwaka 1894, ikisaidiwa na maji laini ya Mto Soja yanayofaa kusafishia pamba. Kulikuwa na wakati ambapo viwanda vyake vilifika takriban 500. Kisha yakaja mataulo ya bei rahisi kutoka China na Vietnam, na uzalishaji, ambao mwaka 1991 ulikuwa kama tani 50,000, ukashuka hadi chini ya tani 10,000 mwaka 2009. Mwaka 2001 wenye viwanda waliiomba serikali izuie uagizaji huo, lakini ombi lao halikukubaliwa. Ndipo walipogeukia jambo ambalo lilikuwa mikononi mwao wenyewe: mwaka 2006 walimwita mbunifu Kashiwa Sato, wakapata alama moja ya mji yenye rangi nyekundu, buluu na nyeupe, na wakaiwekea masharti ya ubora. Sharti mashuhuri ni kwamba kipande kidogo cha kitambaa kikiwekwa juu ya maji lazima kizame ndani ya sekunde 5. Nalipenda sharti hili kwa sababu hata mtoto anaweza kulikagua akiwa na bakuli la maji.

IKEUCHI yenyewe ilianzishwa mwaka 1953, na kwa muda mrefu ilifuma kwa ajili ya majina ya wengine. Keishi Ikeuchi, ambaye kabla ya kurithi kazi ya baba yake alikuwa akishughulika na vifaa vya sauti katika kampuni ya Matsushita (sasa Panasonic), alianza mwaka 1999 kuuza mataulo kwa jina la kampuni yao, na mwaka 2002 akahamisha umeme wote wa kiwanda kwenye nguvu ya upepo. Mwaka 2003 mnunuzi wao mkubwa wa jumla alifilisika, na kampuni ikaingia chini ya usimamizi wa mahakama ikiwa na deni la karibu yeni bilioni 1. Wakati huo mataulo ya jina lao yalikuwa kama asilimia 1 tu ya mauzo. Washauri wengi wangesema asilimia hiyo ndiyo ya kukatwa kwanza. Ikeuchi aliishikilia, akaachana na kazi ya kufumia wengine. Wateja walimwandikia wakiuliza wanunue mataulo mangapi ili kampuni ipone. Ilipona, na mwaka 2014 ikachukua jina ililo nalo leo. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2073, itakapotimiza miaka 120, iwe inafuma taulo ambalo mtoto mchanga anaweza kulila bila kudhurika, na tayari kiwanda kina cheti cha usalama wa chakula.

Pamba hai hiyo hupatikana kupitia mradi wa bioRe, wenye makao katika Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, ambako wakulima hulima bila dawa wala mbolea za viwandani. Kwa Mtanzania hapa kuna furaha na uchungu pamoja. Sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini katika marobota, ikiwa imechambuliwa tu, na thamani yote inayofuata huongezwa kwingine. Natamani sana kuona siku moja taulo la namna hii likifumwa Bariadi au Mwanza.

Bei yake ni mara kadhaa ya taulo la kawaida, na sioni sababu ya kuificha. Anayependa taulo nene, laini kama godoro, atafute aina nyingine. Mwenye ngozi inayowasha, au mwenye mtoto mchanga, ajinyime kidogo alinunue. Kama fedha haitoshi, lile dogo la uso linatosha kumwonyesha ninachokisema. Usilifue kwa dawa ya kulainisha, kwa sababu hupunguza uwezo wake wa kunywa maji. Likung'ute mara kadhaa kabla ya kulianika, nalo vitanzi vyake vitasimama vyenyewe.

Nililinunua la pili kwa ajili ya mama. Alilipokea, akaufikicha ukingo wake kati ya vidole viwili kama alivyokuwa akiikagua pamba kabla ya mizani, kisha akauliza limetoka wapi. Nikamwambia limefumwa Japani, na pamba ni ya Meatu. Akalikunja polepole, akauliza tena, safari hii kuhusu pamba tu: ni ya mwaka gani?