Kabla hujashuka mjini kununua eksteno: ipi inaelewana na kompyuta zote?

Napiga picha na video za harusi. Mimi nakaa Arusha na nahariri kwenye Mac. Mwenzangu yuko Moshi na anatumia Windows. Ikifika Desemba, Wachaga waliotawanyika nchi nzima wakirudi nyumbani, kazi zinapishana, na kati yetu kuna kilomita kama 80 ambazo eksteno, yaani diski ya nje ya kompyuta, inazisafiri kwa basi, ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta. Kutuma GB 200 kwa bando? Usinichekeshe.

Mwaka mmoja nilimtumia eksteno niliyoifomati kwa Mac. Kijana wake akaichomeka, Windows ikamwambia diski inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika, naye, mtiifu, akabonyeza ndiyo. Sendofu nzima ikaenda na maji. Kilichotuokoa ni kadi za kamera ambazo nilikuwa sijazifuta, kwa uvivu tu. Diski haikuwa mbovu wala kijana hakuwa mjinga. Windows ilikuwa haijui kusoma kilichoandikwa mle ndani. Mac nayo ina ujumbe wake wa namna hiyo. Ukikutana na mmojawapo, chomoa, piga simu kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, jiulize jambo ambalo muuzaji hatakuuliza: hii eksteno itachomekwa kwenye mashine za nani? Kompyuta hazigombani kwa sababu ya chapa. Zinagombana kwa sababu ya fomati, yaani namna mafaili yanavyopangwa ndani ya diski, na fomati unaibadilisha mwenyewe nyumbani bila kulipa hata senti.

NTFS ni ya Microsoft, ipo tangu 1993, na eksteno nyingi za kawaida dukani zinakuja nayo. Windows inaipenda. Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, inaisoma na kuiandika. Mac inaisoma tu: utaona mafaili yote, utayakopi, ila kuweka hata picha moja haikubali mpaka uongeze programu. Hapo ndipo wengi wanapodhani wameuziwa kimeo. APFS, ya Apple tangu 2017, ni kinyume chake. Kwa Windows ni kama diski tupu. FAT32 inakubalika kila mahali, mpaka redio ya gari, lakini haipokei faili linalofika GB 4. Kwa kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde, kiasi hicho kinajaa kabla ya dakika 6, bwana harusi hajavaa hata pete.

Inayobaki ni exFAT. Microsoft waliitoa 2006, Mac zimeikubali tangu 2010, na mwaka 2019 Microsoft walipoweka wazi maelezo yake, Linux nayo ikaiingiza kwenye toleo 5.4 la kiini chake. Kadi za kamera zenye zaidi ya GB 32 zinakuja nayo tayari. Kama eksteno yako itazunguka, ifomati exFAT na usihangaike.

Ila isikudanganye, ina udhaifu. Haina daftari la kumbukumbu kama NTFS, lile linalosaidia diski kujirekebisha shughuli ikikatizwa katikati. Umeme ukikatika wakati kompyuta ya mezani inaandika, au ukichomoa waya bila kuiaga kompyuta (kubonyeza "Eject"), unaweza kukuta folda zimevurugika. Laptopu yenye betri nzima inakulinda na la kwanza. La pili ni tabia yako. Jambo jingine: Mac huacha vifaili vidogo vyenye jina linaloanza na nukta na mstari. Kwenye Mac huvioni, lakini kwenye televisheni au gari utakuta kila wimbo umeandikwa mara mbili na mmoja haupigi. Haviumi, vifute. Na mwenye Mac anayetaka Time Machine, programu ya Apple ya kuweka nakala za akiba, ajue kwamba haikubali exFAT; aigawe diski vipande viwili au anunue ya pili.

Sasa bidhaa zenyewe, kwa mpangilio ninaoutumia mimi mtu akiniuliza.

Ya kwanza: SSD ndogo ya nje, TB 1, yenye tundu la type C. Haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo haijali barabara ya vumbi na makorongo. Madereva wa safari wanaobeba picha za wageni kutoka Serengeti hadi mjini, hii ndiyo yao, hata kama inauma mfuko. Samsung T7, kwa mfano, ina gramu 58, inasoma hadi MB 1,050 kwa sekunde pale kompyuta inaporuhusu, na inatoka kiwandani ikiwa exFAT. T7 Shield ni nzito kidogo, gramu 98, imezibwa vumbi na maji kwa kiwango cha IP65. Kama kazi yako ni porini ongeza hiyo pesa. Simu za iPhone kuanzia toleo la 15 zinaichukua moja kwa moja, na Android nyingi mpya pia.

Angalia waya. Huu mtego unawanasa hata wajuzi. Waya wa type C wa kuchajia simu mara nyingi ni wa USB 2.0 kwa ndani, na SSD yako ya maana itatembea kwa MB 40 hivi kwa sekunde. GB 200 zitakula saa 1 na dakika 20 na ushee. Kwa waya uliokuja nayo kwenye boksi, na tundu la USB 3, ukipata hata MB 400 kwa sekunde umemaliza ndani ya dakika 9. Waya ule usimwazime mtu. Kama laptopu yako ni ya zamani na ina matundu mapana tu, tafuta lenye ulimi wa bluu. Mara nyingi ndilo la USB 3.

Ya pili: HDD, ile diski yenye sahani zinazozunguka ndani, ya inchi 2.5, TB 2 au zaidi. Hii ni ghala, si ya kusafiri. Kwa bei ya SSD moja unapata nafasi kubwa zaidi, na kwa kumbukumbu za harusi za miaka mitano hakuna haja ya mbio. Inakopi kama MB 110 kwa sekunde, zile GB 200 kwa nusu saa. Ikiwa inazunguka usiisogeze, na usiichomeke ndani ya gari linalotembea. Mimi ninazo mbili zenye mafaili yaleyale, moja kwangu Njiro, nyingine kwa mama. WD, Seagate na Toshiba zote zinafaa. Sioni sababu ya kulipa ziada kwa ile iliyoandikwa ni ya Mac, maana kinachobadilika hasa ni fomati na pengine waya.

Ya tatu ni kununua kava tupu na kuweka mwenyewe SSD ya NVMe, ile bapa inayowekwa ndani ya laptopu. Kwa fundi ni raha: kava likifa, diski inahamia jingine. Kwa asiyependa bisibisi, pita.

Ya nne, flashi yenye midomo miwili, type C upande mmoja na ile pana upande wa pili. Nzuri kwa mwanafunzi wa Ushirika au Tengeru anayepeleka kazi steshenari. Kwa flashi ya steshenari FAT32 inatosha, na usiweke humo nakala pekee ya kitu chochote, kwa sababu virusi vya huko navijua.

Ya mwisho ni yale madubwana ya inchi 3.5 yenye adapta yake ya umeme. Yana nafasi kubwa kwa bei nzuri, lakini umeme wetu unajulikana. Bila UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta ya mezani, siyapendekezi.

Kuna moja haipo kwenye orodha kabisa: SSD ya "TB 16" isiyo na jina inayotembezwa mkononi kwa bei ya chakula cha mchana. Mara nyingi ndani ni kadi ndogo ya simu iliyogundishwa na programu inayoidanganya kompyuta. Windows itaonyesha TB 16, mafaili yatakopiwa bila kulalamika, kisha nafasi ya kweli ikiisha yale mapya yanapotea au yanafuta ya zamani. Utagundua siku ya kufungua. Kuijua, tumia programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux: zinaijaza diski nzima kisha zinaisoma tena. Inachukua saa nyingi, kwa hiyo dai risiti ya EFD na makubaliano ya kurudisha kabla hujatoa hela. Usichanganye na hili: TB 1 halali inaonekana GB 931 kwenye Windows, kwa sababu Windows inahesabu kwa 1,024 na kiwanda kwa 1,000. Hapo hujapigwa.

Ukifika nyumbani, kabla hujaweka kitu, ifomati. Kwenye Windows bonyeza diski kwa kitufe cha kulia, chagua exFAT. Kwenye Mac ni Disk Utility. Kwa kompyuta chagua mpangilio wa GUID, ila kama itakaa kwenye televisheni ya zamani chagua MBR, ambayo mwisho wake ni TB 2. Kisha bandika karatasi juu ya kava: fomati, jina, namba ya simu. Kwenye yangu nimeongeza mstari mmoja kwa wino mwekundu, kwa ajili ya kijana wa Moshi: IKIKUAMBIA UFOMATI, KATAA.