Maabara ya Malindi iliyokisoma kijiwe changu

Kijiwe changu cha kwanza cha figo kilitupwa. Nilikitoa kwa mkojo katika hospitali ambayo sitaitaja, muuguzi akakitazama na kukimwaga, nami nikarudi nyumbani na shauri la kuacha maziwa. Cha pili kilipokuja mwezi wa Februari, katika joto la kaskazi ambamo jasho huyamaliza maji ya mwili kabla hayajafika kwenye kibofu, nilikuwa nikiukinga mkojo kwa kitambaa cha melimeli; nikakiosha kwa maji matupu, nikakikausha na kukipeleka katika maabara moja ndogo mjini Malindi.

Jambo lililonipa imani ni kwamba mpokeaji aliuliza kwanza kama nilikitia formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, kwa kuwa dawa hiyo huweza kupotosha majibu. Kipimo chenyewe hakifanyiki Malindi. Kijiwe hupelekwa Nairobi, husagwa kuwa unga na kumulikwa kwa mionzi ya infraredi, ambayo kila madini huifyonza kwa namna yake, hivyo hata kijiwe cha mchanganyiko hujulikana kimeundwa na nini.

Nilisubiri siku 17 badala ya 7 nilizoahidiwa, wala hakuna aliyenipigia simu. Karatasi ya majibu ilikuwa na mistari miwili ya Kiingereza bila maelezo yoyote. Mtu asiye na daktari wa kumsomea angeondoka nayo kama alivyokuja.

Hata hivyo, mistari hiyo miwili ilibadilisha matibabu yangu yote. Kijiwe kilikuwa cha asidi ya yuriki, si cha oksaleti ya kalisiamu kama vilivyo vingi. Ndipo nikafahamu kwa nini picha ya eksirei haikuonyesha kitu ilhali altrasaundi ilikiona: vijiwe vya aina hii havionekani kwa eksirei ya kawaida. Daktari aliniandikia sitreti ya potasiamu ili kupunguza ukali wa mkojo, pH, yaani kipimo cha ukali huo, ifike 6.5 au zaidi kidogo, kwani katika hali hiyo hata vijiwe vilivyobaki ndani huweza kuyeyuka bila upasuaji. Nimepunguza maini na dagaa, na ninakunywa maji ya kutosha kutoa lita 2.5 za mkojo kwa siku. Maziwa, maskini, hayakuwa na kosa. Na hata mwenye kijiwe cha oksaleti hashauriwi kuyaacha, maana kalisiamu ya chakula huikamata oksaleti tumboni isifike kwenye figo.

Kikitoka kingine nitakipeleka hapohapo, ila safari hii simu nitapiga mimi.