Pikipiki Mpya ya Safari Ndefu: Ipi Ununue, na Vifaa Gani Uifunge

Njia ya kutoka Marsabit hadi Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ina zaidi ya kilomita 200 za mawe ya volkano, mchanga na upepo, na hakuna kituo cha mafuta cha kutegemea katikati. Pikipiki ikianguka hapo utaiinua mwenyewe. Ndiyo maana tumezipanga pikipiki hizi kwa kupima pamoja uzito na namna uzito huo ulivyokaa, tangi, na urahisi wa kuzihudumia. Nguvu za injini tumeziweka mwisho, na tunasisitiza hilo kwa sababu wanunuzi wengi huanza nazo.

1. Royal Enfield Himalayan 450. Kwa mtu mmoja mwenye mizigo ya wiki mbili, hii ndiyo tunayomshauri anunue. Ina injini ya cc 452 yenye nguvu farasi 40, uzito wa kilo 196 ikiwa na mafuta, na tangi la lita 17. Ukienda polepole kwenye lami, lita moja inakupeleka kilomita 28 hivi. Mchangani hesabu 18 hadi 20, maana yake panga kilomita 300 kwa tangi na usizidishe. Siti iko milimita 825 kutoka ardhini na inaweza kupandishwa hadi 845, kwa hiyo hata mfupi wa wastani anafikisha mguu chini. Tofauti na ile ya zamani ya cc 411, hii inapozwa kwa maji, na rejeta yake (kipoza maji ya injini) iko mbele mahali jiwe la lori linapofikia. Wavu wa rejeta uwe kifaa chako cha kwanza kununua, kabla ya taa au masanduku.

2. Honda CRF300 Rally. Kilo 153, yaani zaidi ya kilo 40 chini ya Himalayan. Tofauti hiyo utaihisi mara ya tatu unapoiinua kwenye mchanga. Tangi ni lita 12.8. Ina kasoro mbili. Siti iko milimita 885, juu mno kwa wengi, na springi zake ni laini: mtu wa kilo 80 akipanda na begi la kilo 15, nyuma hukaa chini kabisa. Tenga pesa za springi ngumu za mbele na nyuma tangu siku ya kununua. Usiichanganye na CRF300L, ambayo tangi lake ni lita 7.8 tu, hiyo ni ya matembezi ya siku moja.

3. Hero Xpulse 200 4V. Kwa mfuko mdogo hatuoni ya kuizidi. Ina tangi la lita 13, gurudumu la mbele la inchi 21, na injini ya farasi 19 hivi ambayo fundi mzuri wa bodaboda ataielewa bila taabu kubwa. Lakini fahamu jambo hili: injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Nairobi iko karibu mita 1,800, kwa hiyo pale unabaki na farasi kama 15 na nusu. Mlimani ukiwa na mizigo utatumia gia ya tatu, na kwenye lami kasi ya kustarehe ni 80 hivi. Asiyekuwa na haraka atafika nayo popote.

4. Yamaha Ténéré 700 na Honda Transalp 750. Ténéré ina cc 689, farasi 73 hivi na kilo 204 hadi 208 ikiwa na mafuta, kutegemea mwaka wa toleo. Kwenye karatasi imeizidi Himalayan kwa kilo 8 hadi 12 tu, ila uzito wake umekaa juu, siti iko milimita 875, na ikishaanza kuinama ukiwa umesimama huizuii kwa mguu mmoja. Transalp ni kilo 208 hivi na farasi 91, siti 850. Anayetumia muda mwingi kwenye murram achague Ténéré. Wa lami na abiria nyuma achague Transalp. Zote mbili hutumia tyubu, na bei yake ni kubwa kwa mbali kuliko tatu za kwanza.

5. BMW R 1300 GS. Kilo 237, farasi 145, shafti badala ya cheni. Kwa watu wawili kwenye lami ya Arusha hadi Dodoma hakuna starehe kama hiyo. Uzito wote unaoruhusiwa ni kilo 465, kwa hiyo baki ni kilo 228: toa watu wawili wa kilo 85, toa masanduku ya alumini na fremu zake yanayoweza kufika kilo 20 yakiwa matupu, na umebakiwa na kilo 38 za kila kitu kingine. Kwa njia tulizoanza nazo, tunaiweka mwisho.

Kabla ya kulipa

Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT (namba ya utengenezaji) kwenye ubavu wa tairi: 2323 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2023. Pikipiki "mpya" yenye matairi ya miaka mitatu imekaa ghalani, na betri yake huenda imekufa nusu. Dai betri mpya au punguzo. Muulize wakala akuonyeshe kwa macho, siyo kwa maneno, filta ya oili, filta ya hewa, pedi za breki na kebo ya klachi vikiwa kwenye rafu. Kama hana filta ya oili leo, huduma ya kwanza ya kilomita 500 hadi 1,000 itakuwa shida. Nunua papo hapo mkono mmoja wa klachi na mmoja wa breki vya akiba. Vifaa vya ziada navyo vijadili kabla ya kutoa pesa, kwa sababu ukishalipa bei haishuki tena.

Vifaa, kwa mpangilio wa kuvifunga

Bamba la chini ya injini ndilo la kwanza, la alumini ya milimita 4. Hakikisha lina tundu la kufikia bolti ya kumwagia oili. Bamba linalotaka kufunguliwa lote kila huduma huishia kuachwa karakana. Tope likikauka ndani yake huzuia joto kutoka, kwa hiyo lioshe kwa ndani pia.

Kinga za mikono za plastiki zinazokuja na pikipiki huzuia upepo tu. Unataka zenye mhimili wa alumini ulioshikwa sehemu mbili, mwisho wa usukani na ndani. Ukimaliza kufunga, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto injini ikiwa inanguruma: mngurumo ukipanda kwenye pikipiki yenye kebo ya mafuta, kebo hiyo imebanwa.

Gadi za pembeni ndizo zinazoharibiwa zaidi na ufungaji mbaya. Zile za bei rahisi hushikwa pointi moja au mbili kila upande, na ukianguka hujikunja na kuipiga rejeta iliyotakiwa kulindwa. Chukua zenye pointi tatu. Nyingi hushikwa na bolti za kubeba injini, kwa hiyo usifungue pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo injini itahama na matundu yatakataa kulingana. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, zikiwa legevu, kisha kaza ukianzia zile za injini kuelekea nje. Tundu lisipolingana usilivute kwa nguvu, maana bomba lililofungwa likiwa limevutwa hupasuka kwenye weldi barabarani. Tumia spana ya kupimia mkazo na namba za kitabu cha pikipiki. Kama bolti haijatajwa, ya M6 (kipenyo cha milimita 6) ikazwe kwa Nm 10, yaani newton-mita, na ya M8 kwa 20 hadi 25. Weka tone la Loctite ya bluu (gundi ya kuzuia bolti kulegea), na rudia kukagua baada ya kilomita 200 za murram.

Springi pima kabla ya kufunga mizigo yoyote. Inua gurudumu la nyuma, pima kutoka ekseli hadi alama kwenye mkia. Shusha, kaa ukiwa na mavazi yako yote, mwenzako apime tena. Tofauti iwe karibu asilimia 30 ya urefu wa mwendo wa springi: kwa Himalayan yenye milimita 200, ni 60. Taa ikimulika matawi ya miti usiku, springi imelegea kwa mzigo uliobeba.

Mizigo iwekwe kwenye mifuko laini. Sanduku gumu likikuangukia mguu mchangani huvunja kifundo. Acha angalau sentimita 3 kati ya mfuko na ekzosi, weka vizito chini na mbele, na mkia ubebe vyepesi tu, kwa sababu fremu ndogo ya nyuma ndiyo hupasuka kwanza.

Tyubu ya akiba chukua ya inchi 21. Kwa dharura huingia hata kwenye tairi la nyuma la 18, ila iende polepole mpaka mji wa karibu.

Taa za ziada zifungwe mwisho. Mbili za wati 20 kila moja huvuta ampea 3.3 kwenye volti 12. Vuta umeme kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu kabisa na betri, kisha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), na rilei iamshwe na waya wa taa ya nyuma ili zizime ukizima swichi ya pikipiki. Ukichomeka moja kwa moja kwenye waya wa taa kubwa, waya huo utapata moto. Ekzosi ya kelele hatuishauri hata kidogo: inagharimu kama bamba na gadi pamoja, na wakala anaweza kuitumia kukunyima dhamana.