Miaka miwili Santa Clara: uzoefu wangu kwenye chuo cha Wajesuiti

Siku nilipopata barua ya kukubaliwa Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, mama aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, hawatakulazimisha kwenda misa?" Sisi ni Waislamu wa Tanga, na chuo chenyewe kina jina la mtakatifu. Nimesoma pale miaka miwili, uzamili wa uhandisi wa kompyuta, na sikulazimishwa ibada hata siku moja. Wa shahada ya kwanza wana masomo ya dini ya lazima, lakini ni masomo ya darasani, si ibada.

Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, walianzisha chuo hiki mwaka 1851, pale palipokuwa na misioni ya Wafransisko, watawa wengine wa Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1777, kwenye ardhi ya Waohlone, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Kanisa liliungua 1926, likajengwa tena, na mpaka leo liko katikati ya chuo. Ukitembea kidogo tu unafika kwenye maabara za Sobrato zilizofunguliwa 2021.

Vipindi vingi vya uzamili ni jioni, maana wanafunzi wengi ni waajiriwa wa Silicon Valley, eneo la kampuni za teknolojia. Wanaingia na vitambulisho vya kazini bado viko shingoni. Majira ya baridi Maghribi ilinikuta darasani. Mwalimu akaniona naangalia saa, akasema, "Nenda ukasali, ukirudi utatukuta." Muhula mzima ikawa hivyo, na jirani yangu akiniachia daftari lake wazi.

Lakini kilichonibadilisha ni kazi moja ya darasani. Niliunda programu ya kukadiria nani atalipa mkopo wa simu. Majaribio yalitoka vizuri, nikasubiri kupongezwa. Mwalimu akasoma, akauliza: "Aliyenyimwa, anamlalamikia nani?" Nikakosa jibu. Programu yangu ilimshuku kila anayebadilisha laini mara kwa mara, nami nikamkumbuka mama lishe wa Ngamiani, kwetu Tanga, anayetumia simu moja na wanawe wawili, kila mtu na laini yake. Huyo ningemnyima, na asingejua kwa nini! Nikaifumua yote. Nikaweka sababu ya kunyimwa kwa Kiswahili chepesi, na namba ya mtu wa kumpigia.

Swali la namna hiyo pale si la mwalimu mmoja. Kituo cha maadili cha Markkula kipo tangu 1986, kwa mchango wa Mike Markkula, mwekezaji wa mwanzo wa Apple, na mkewe Linda. Wajesuiti pia wana desturi ya Mtakatifu Ignasi, mwanzilishi wao, ya kuipitia siku yako jioni: nini kilikwenda vyema, wapi umekosea. Sisi Waislamu tunaiita muhasaba. Nilipoisikia mara ya kwanza nilijiona niko kwa bibi.

Sasa ya mfukoni. Ada ni kubwa, msiende bila ufadhili ulioandikwa. Muhula ni wiki kumi za masomo. Ukiugua wiki moja, umeachwa mbali. Kodi za nyumba eneo lile ni ghali mno, kwa hiyo tafuteni wa kuchangia naye mapema, ikiwezekana mji jirani wa San Jose kwenye njia ya basi namba 22, linalopita jirani na chuo. Sisi tulikuwa watatu kwenye vyumba viwili, na wali tulipika kwa zamu.