Gemu za kuchezwa kwa sauti: za kununua kwanza na za kuacha dukani

Kabla hujaangalia bei wala trela, jiulize gemu yenyewe inasikia nini. Nyingine zinasikia nguvu ya sauti tu: ukinong'ona mhusika anatembea, ukipiga kelele anaruka. Nyingine zinasikia kidatu, yaani kama sauti imepanda au imeshuka, kama ya mtu anayeimba. Kundi la tatu linasikia maneno, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu katika gemu zote tulizopanga hapa hakuna hata moja inayopokea amri kwa Kiswahili. Ukisema "kushoto", umejisemea mwenyewe.

Kwa hiyo tumepanga kwa kigezo kimoja: mtu mwenye kompyuta ya kawaida ya Windows na lafudhi yake aliyozaliwa nayo atafurahia nini bila kugombana na mashine. Gemu za nguvu ya sauti tumeziacha nje ya orodha. Yasuhati, ile ya Kijapani iliyovuma mwaka 2017, hupakuliwa bure kwenye simu na utamu wake unaisha ndani ya robo saa. Cheka nayo, kisha rudi hapa.

1. One Hand Clapping

Ilitoka kamili Desemba 2021, ikitengenezwa na Bad Dream Games, na ipo kwenye kompyuta, PlayStation, Xbox na Switch. Unaimba, au unavumisha "mmm" ukiwa umefumba mdomo, na dunia ya gemu inafuata. Sauti ikipanda, njia iliyo mbele ya mhusika inapanda, ikishuka, inashuka. Hakuna neno la kukariri wala lafudhi ya kukosea. Haijali pia kama sauti yako ni tamu. Inachotaka ni uweze kuishika noti moja kwa sekunde chache bila kuyumba.

Ikikwama, mara nyingi tatizo haliko kooni. Chunguza mambo haya kwa mpangilio huu:

Chaja. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake hujirudia kwenye hezi 100 na 150. Sauti ya mwanamume anayeongea kawaida huwa kati ya hezi 85 na 155 hivi, kwa hiyo mvumo unakaa palepale alipo yeye. Kompyuta mpakato ikiwa kwenye chaja isiyo na waya wa ardhi, gemu "inasikia" noti nene isiyokatika hata umenyamaza. Chomoa chaja, cheza kwa betri. Tatizo likitoweka, umeshampata mchawi.

Kichuja kelele. Programu za kuondoa kelele hutafuta sauti ndefu isiyobadilika, kama ya feni, na kuifuta. "Mmm" ndefu nayo ni sauti isiyobadilika. Dalili yake ni hii: unaanza noti vizuri, baada ya sekunde moja au mbili gemu inakuwa kiziwi. Zima uboreshaji wa sauti kwenye mipangilio ya maiki ndani ya Windows, halafu uzime tena kwenye programu iliyokuja na hedifoni yako, maana mara nyingi vichuja ni viwili na kila kimoja kina swichi yake.

Kunong'ona. Mnong'ono hauna kidatu, ni pumzi tupu. Usiku watu wakiwa wamelala, vumisha kwa sauti ndogo lakini koo litetemeke. Weka kidole shingoni uhakikishe.

Kwenye Switch ya kwanza kumbuka kwamba konsoli haina maiki ndani, kwa hiyo bei halisi ni gemu na hedifoni. Kidhibiti cha PS5 kina maiki yake, ila inasikia pia mtetemo na mibofyo ya kidhibiti chenyewe.

2. UltraStar Deluxe

Hii ni karaoke ya kompyuta yenye alama, tena bure na ya chanzo huria. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu unaweza kuitengenezea nyimbo zako mwenyewe, za taarabu au za harusi ya kwenu, kwa kuandika faili la maandishi tu. Juu unaweka jina la wimbo, mwimbaji, jina la faili la muziki, BPM (kasi ya wimbo, yaani mapigo kwa dakika), na GAP ambayo ni milisekunde za kusubiri kabla ya noti ya kwanza. Chini yake kila silabi inapata mstari wake:

: 0 4 7 Ka
: 4 4 7 ri
: 8 8 5 bu
- 18
E

Namba ya kwanza ni pigo inapoanzia silabi, ya pili ni urefu wake, ya tatu ni kidatu (0 ni C ya katikati ya piano). Kistari kinakata mstari wa mashairi, E inamaliza wimbo. Kwa lugha ambayo karibu kila silabi inaishia na irabu, kazi hii inakwenda haraka kuliko unavyodhani. Kosa la kawaida ni BPM: pigo moja la faili ni robo ya pigo la BPM uliyoandika, kwa hiyo maneno yakikimbia mbele ya wimbo au yakiburuta nyuma, usiguse noti kabla ya kuikagua namba hiyo.

Gemu haijali oktavu (noti ileile ikiimbwa juu zaidi au chini zaidi), hivyo baba anaweza kuimba wimbo wa mwanamke chini kabisa na kupata alama zote. Ukikutana na maiki mbili kuukuu za SingStar (karaoke ya PlayStation) zenye kiunganishi chao cha USB, chukua. Kompyuta inaziona kama kifaa kimoja, moja upande wa kushoto na nyingine wa kulia, na watu wawili wanashindana.

Maiki, ambayo ni nusu ya manunuzi

Nunua hedifoni ya waya ya USB yenye maiki ya kijiti. Ya bei nafuu inatosha. Ya jeki ya 3.5 mm inafaa pia, lakini hesabu mistari myeusi kwenye pini: mitatu maana yake pini moja inabeba sauti na maiki pamoja, na kompyuta ya mezani yenye matundu mawili tofauti itahitaji kigawanyishi. Bila hicho utasikia gemu vizuri, gemu isikusikie, na utaishia kulaumu kitu kisichohusika.

Epuka hedifoni za Bluetooth kwa kazi hii. Maiki yake ikiwaka, kompyuta hushusha ubora wa sauti hadi kiwango cha simu na kuongeza ucheleweshaji. Kwenye karaoke utaimba sawasawa na bado utahesabiwa umechelewa.

Kijiti kikae kwenye pembe ya mdomo, umbali wa vidole viwili, kisiwe mbele ya midomo kabisa. Herufi "p" na "b" hupuliza upepo ambao gemu inauhesabu kama mlio. Kiwango cha maiki anza na 75 kati ya 100. Kwenye Windows fungua mipangilio ya faragha uhakikishe programu zimeruhusiwa kutumia maiki. Feni ielekee miguuni. Wala usicheze kwa spika: sauti ya gemu itarudi kwenye maiki na gemu itaanza kujijibu yenyewe.

3. In Verbis Virtus

Gemu ya Waitalia wa Indomitus Games, ya mwaka 2015, kwa Windows. Unatembea ndani ya hekalu la kale ukitatua mafumbo kwa kutamka uganga katika lugha ya kubuni iitwayo Maha'ki. Hapo ndipo Mswahili anapopata nafuu: lugha haina wenyewe, hivyo hakuna Mwingereza wa kukupita kwa matamshi. Orodha ya maneno ni fupi, na mashine inalinganisha ulichosema na maneno hayo machache tu. Tamka taratibu, silabi zote kwa uzito ulio sawa, kisha nyamaza kidogo kabla ya kurudia. Wengi hukosea kwa kurudia upesi upesi wakiwa na hasira, na mashine inayaunganisha yote kuwa neno moja refu lisilojulikana. Maelezo ya hadithi yanahitaji Kiingereza cha kusoma.

4. Phasmophobia

Kwa marafiki wanne wenye intaneti nzuri, hii ndiyo yenye kelele na vicheko vingi zaidi. Ilianza kuuzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, Septemba 2020, ikafika PS5 na Xbox Series Oktoba 2024. Mnaingia nyumba yenye mzimu kutambua ni wa aina gani. Kifaa kiitwacho Spirit Box hukuruhusu kuuhoji kwa mdomo: "Where are you?", "How old are you?" Usipojibiwa, usikimbilie kulaumu lafudhi. Taa ya chumba lazima izimwe, uwe karibu na mzimu (mita tatu hivi), na baadhi ya mizimu hujibu tu mtu akiwa peke yake, kwa hiyo watoe wenzako nje kwanza.

Kuna jambo moja wengi hulijua wakiwa wameshakufa ndani ya gemu. Maswali ya Kiswahili hayaeleweki, lakini mzimu unapowinda husikia sauti yoyote. Ukinong'ona "amekuja, amekuja" kabatini, anakuja kweli. Zima maiki kwa swichi ya kwenye waya.

Matamshi yakigoma kabisa, ipo njia ya kuchagua maswali kwa maandishi. Gemu inapungua ladha, ila pesa haijapotea.

5. VoiceAttack pamoja na gemu uliyonayo

Hii ni programu ya Windows inayogeuza neno kuwa kibonyezo cha kibodi, na wapenzi wa gemu za ndege na vyombo vya anga kama Elite Dangerous wanaitumia sana. Toleo la majaribio ni bure, lina wasifu mmoja na amri 20, na hizo zinatosha kujua kama utaipenda. Leseni imekuwa ikiuzwa dola 10.

Njia pekee katika orodha hii ya kuamrisha kwa Kiswahili iko hapa, kwa ujanja kidogo. Injini ya sauti ya Windows inajua Kiingereza, lakini neno isilolijua hulikisia kutokana na tahajia. Basi andika amri kama Mwingereza angeisoma: "piga risasi" iwe "pee gah ree sah see". Tumia amri za maneno mawili. Neno fupi kama "piga" peke yake huchanganywa na kikohozi. Kiwango cha chini cha uhakika, yaani mashine iwe na hakika kiasi gani kabla ya kutii, kiweke karibu na 60, ukipandishe kama amri zinajifyatua zenyewe, ukishushe kama hazisikiki. Kabla ya hapo, kwenye mipangilio ya usemi ya Windows jaribu Kiingereza cha India badala ya cha Marekani. Kwa baadhi ya lafudhi za Afrika Mashariki huenda kikashika vizuri zaidi.

6. Tom Clancy's EndWar

Ya Ubisoft, 2008 kwenye konsoli na 2009 kwenye kompyuta. Ni vita ya kuongoza vikosi kwa sentensi yenye sehemu tatu: nani, afanye nini, wapi. "Unit one, attack, hostile two." Muundo huo mgumu ndio uliofanya isikie vizuri kuliko wenzake wa enzi zile, kwa sababu baada ya kila neno mashine inasubiri machaguo machache tu. Inunue kwa kucheza peke yako, wakati wa punguzo. There Came an Echo ya 2015 inafuata wazo hilohilo, na ina njia ya kucheza bila maiki kabisa.

Mwenye dola tatu tu aiangalie Mage Arena ya 2025: wachawi wanapigana kwa kutamka "fireball" na "freeze". Ni ya mtandaoni, kwa hiyo intaneti ikisuasua utatamka leo, moto utoke kesho.

Kulipa na kurudishiwa

Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 tangu kununua kama hujacheza saa mbili. Kwa gemu za sauti huu ndio muda wako wa kujaribu maiki, kwa hiyo usiupoteze kwenye hadithi ya mwanzo: fungua mipangilio ya maiki, zungumza, na ingia sehemu ya kwanza yenye amri. Saa zinahesabiwa hata ukiacha gemu wazi ukaenda kula. Walioko Kenya wanaweza kulipa kwa kadi pepe ya GlobalPay ya M-Pesa. Weka salio la ziada kidogo, maana bei ni za dola na kiwango cha kubadilisha fedha hakikusubiri.

Za kuacha

Hey You, Pikachu! ya Nintendo 64 inauzwa kwa wakusanyaji. Inahitaji kifaa chake maalumu kinachochomekwa tundu la nne la kidhibiti, na ilitegeshewa sauti nyembamba za watoto, kwa hiyo mtu mzima anaongea na ukuta. Lifeline ya PS2, ya Konami kwa Marekani mwaka 2004, ni ya mfumo wa Marekani; kwenye PS2 ya PAL (mfumo wa Ulaya na Afrika) ambayo haijaondolewa kufuli la kanda, diski haisomi.

Kinect, kamera ya Xbox yenye maiki, nayo bado inauzwa ikiwa imetumika, na muuzaji atakwambia inasikia amri za gemu ya Skyrim. Ni kweli, kwenye Xbox 360. Ya Xbox One ni kifaa tofauti chenye plagi tofauti. Xbox One S na One X zinahitaji adapta ya kuiunganisha, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2018, na Xbox Series haiitambui kabisa. Muulize muuzaji aichomeke mbele yako kwenye konsoli uliyonayo nyumbani. Akisema waya umesahaulika kwenye duka jingine, endelea na safari yako.