Évora na mama: ziara ya basi, kisha safari yetu wenyewe (uzoefu wangu)

Nianze na kosa langu ili mwingine asilirudie. Mara ya kwanza tulikwenda Évora, mji wa kale wa Ureno, kwa ziara ya siku moja, basi la watalii kutoka Lisbon, mimi na mama. Mama ana miaka 67 na goti lake la kushoto lina maneno. Tukateremshwa nje ya kuta za mji yapata saa tano, jua la Juni limeshakolea, tukavishwa visikizi masikioni na kuanza kumfuata kijana mwenye mwavuli mwekundu. Kanisa la mifupa, dakika ishirini. Hekalu la Kirumi, picha kwa mbali. Kisha nusu saa nzima ndani ya duka la mikoba ya gome la mti, lile gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, na wenye duka wakimwita yule kijana kwa jina kama ndugu yao. Saa tisa tumo kwenye basi.

Lakini kilichomkera mama hasa si mbio. Kijana alisema Vasco da Gama "aligundua" pwani ya Afrika Mashariki. Mama ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Akanivuta mkono: "Hebu muulize, na yule rubani aliyepewa Malindi akamfikisha Bara Hindi, yeye alikuwa amepotea?" Nikamuuliza. Kijana akacheka, akainua mwavuli, tukaendelea. Usiku ule mama akasema, "Mwanangu, tutarudi wenyewe. Kwa mwendo wetu."

Kampuni siitaji, ziko nyingi za namna ile. Ziara ya basi naipa nyota mbili, na moja ni ya kipoza hewa. Mji wenyewe naupa tano, na sababu zake ni hizi.

Siku nne baadaye tulipanda treni. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Lisbon, na treni za siku ni chache, kwa hiyo tazama ratiba kwanza ndipo upange mengine. Waliotimiza miaka 65 hulipa nusu nauli. Mama alionyesha pasipoti yake kwa madaha makubwa. Stesheni ya Évora usiipite haraka. Kuta zake zimepambwa kwa vile vigae vya rangi wanavyoviita azulejo, vyenye picha za maisha ya huko. Mimi ningefika mjini kwa miguu, ila kwa ajili ya goti tulichukua teksi.

Mji wa ndani umezungukwa na kuta za karne ya 14, na kila utakachotaka kukiona kimo humo, karibu karibu. Nyumba ni nyeupe zenye mikanda ya manjano, vichochoro vyembamba vinapindapinda, na mama alipoingia cha kwanza alisimama akasema, "Wangeongeza vibaraza tu." Barabara zote ni za mawe. Viatu vya soli laini vitakuumiza, na mzee mwenye fimbo anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye miteremko. Hilo sikuliona likiandikwa popote nilipokuwa nikijiandaa.

Uwanja mkubwa unaitwa Praça do Giraldo, kwa jina la Geraldo, mpiganaji wa Kikristo aliyeuteka mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1165. Katikati pana chemchemi ya marumaru ya mwaka 1571 yenye midomo minane, mmoja kwa kila njia inayoingia uwanjani. Tulikaa chini ya matao tukinywa kahawa, na pale ndipo mchezo wa mama ulipoanza. Aliona neno "mesa". Meza! Mhudumu akaleta "copo" la maji. Kopo! Juu ya jengo, "bandeira". Mhudumu alipomwelewa akaingia naye mchezoni, akawa anaonyesha vitu na kuvitaja kwa lugha yake, mama akingoja kitakachofanana.

Tulipofika kanisa la São Francisco mama akasoma kibao taratibu: "I-gre-ja." Kisha akanyamaza. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba neno gereza lilitoka huko, kwenye neno lao la kanisa, lakini kulijua neno ni kitu kimoja, na kusimama mbele yake limeandikwa mlangoni ni kingine. Kilwa Kisiwani ngome ya kale mpaka leo yaitwa Gereza. Na Fort Jesus, ambayo mama amepita chini ya kuta zake maisha yake yote, ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, ikaja kugeuzwa jela na Waingereza tangu 1895 hadi 1958. Babu yangu alikuwa akisema "kupelekwa Ngomeni" maana yake kufungwa. Mama aligusa kibao kwa kidole, akasema, "Kumbe walituletea mahali pa kusali, sisi tukapaona kifungo."

Ubavuni mwa kanisa hilo kuna Capela dos Ossos, kikanisa ambacho kuta na nguzo zake zimefunikwa kwa mifupa na mafuvu ya watu, wanasema yapata elfu tano, yaliyofukuliwa makaburini na watawa Wafransisko. Mlangoni pameandikwa maneno ambayo kwetu yangekuwa: sisi mifupa tulio hapa, yenu twaingoja. Nenda asubuhi mapema. Tulipokwenda na ziara tulibanana kama dagaa. Safari hii tulikuwa watu sita. Nilidhani mama atakataa kuingia. Aliingia, akasoma Fatiha kimyakimya, akatoka. "Maneno ya mlangoni ni ya kweli," akasema, "lakini wangewaacha walale."

Hekalu la Kirumi liko juu kabisa mjini. Wengi huliita hekalu la Diana, ingawa wataalamu wanaona lilijengwa kwa heshima ya mfalme Augusto katika karne ya kwanza. Nguzo 14 bado zimesimama, mawe ya itale kwa vichwa vya marumaru. Nilipenda zaidi kisa cha kupona kwake: zama za kati lilizibwa kuta, na kwa muda mrefu likawa bucha la nyama, hadi karne ya 19. Mama alikicheka sana kisa hicho. Ushauri wangu ni kulitazama saa nne usiku, joto limepungua, taa zimewashwa na mabasi yameshaondoka. Hilo peke yake linatosha kukufanya ulale mjini.

Kanisa kuu lilianza kujengwa 1186 na minara yake miwili haifanani hata kidogo. Ndani mna sanamu ya Bibi Maryamu akiwa mja mzito, mkono tumboni, na kinanda cha karne ya 16 ambacho vijana wa Kijapani waliosafiri kwenda kumwona Papa walikipiga walipopita hapa mwaka 1584. Inasemekana bendera za meli za Vasco da Gama zilibarikiwa humu mwaka 1497. Mimi nilipanda ngazi za kuzunguka hadi darini, na kule juu unaona tambarare ya Alentejo, eneo zima la huku, yote imekauka rangi ya dhahabu. Mama alibaki chini na sanamu yake. Nilipomrudia alikuwa bado anaitazama. Kama una goti baya usijaribu ngazi zile. Ni nyembamba na hakuna pa kupumzikia.

Chakula kwa Mwislamu kinataka uangalifu, kwa kuwa Alentejo ni nchi ya nguruwe na mafuta yake huingia hata pale usipoyatazamia. Jifunze kusema "sem porco", yaani bila nguruwe, na ulirudie mara mbili. Tulichopata kilitulipa: açorda, mkate mkavu uliomiminiwa maji ya moto yenye vitunguu saumu, kotmiri na mafuta ya zeituni, juu yake yai na vipande vya samaki wa chumvi. Mama alionja kijiko kimoja tu. "Hii si tharidi hii?" Ni yenyewe, hata jina limetokana na Kiarabu. Waislamu walikaa hapa zaidi ya miaka mia nne, mji wakiuita Yabura. Alimaliza bakuli, akaagiza jingine.

Asubuhi ya pili tulitembea hadi mfereji wa maji wa miaka ya 1530, unaopita juu ya matao na kuingia mjini. Kwenye mtaa wa Rua do Cano watu wamejenga nyumba chini ya matao yenyewe, mlango na dirisha ndani ya tao, nguo zimeanikwa. Hapana kiingilio wala foleni. Kisha Casas Pintadas, nyumba inayohusishwa na Vasco da Gama, aliyewahi kuishi Évora. Ni kibaraza kidogo chenye michoro ukutani ya ndege na wanyama wa kubuniwa. Mama alizunguka mara moja, akaketi. "Mtu aliyetusumbua vile, na nyumba yake ina picha za ndege." Dakika kumi na tano zinatosha.

Wakati wa kuondoka tulipita Rua 5 de Outubro, mtaa wa maduka ya zawadi, bei juu kuliko vichochoro vya pembeni. Mwanamke mmoja mwenye duka alitundika vitambaa vya kichwa mlangoni. Mama akauliza kwa ishara vinaitwaje. "Lenço." Mama akafungua mkoba wake, akatoa leso aliyotoka nayo Mombasa, akaikunjua juu ya kaunta. "Leso," akasema. Yule mwenye duka hakuijua lugha yetu wala sisi yake, lakini walishikana mikono muda mrefu, na bei ikashuka bila mimi kutia neno.

Tulichokosa ni mawe ya kale ya Almendres, duara la mawe yapata 95 lililosimamishwa miaka elfu nyingi kabla ya Warumi. Yako kilomita kama 15 nje ya mji, na bila gari au teksi ya kukungoja hufiki. Safari ijayo tutalala usiku mbili, na nimeshaambiwa na mama kwamba siku ya mawe tutaanza saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya jua na kabla ya watu wa miavuli.