Tathmini ya Matembezi ya Kuongozwa Mjini Lushoto
Matembezi haya katika Milima ya Usambara Magharibi yanastahili sifa kwa jinsi yanavyounganisha jiografia na historia: mwongoza watalii, Msambaa mzaliwa wa huko, alieleza kwamba ubaridi wa mwinuko wa takriban mita 1,400 uliwavutia Wajerumani, ambao waliuita mji huo Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, Wilhelm II. Alisisitiza pia, na hilo lilinifurahisha sana, kwamba kabla yao Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, walikwisha kuitawala Usambara kutoka Vuga, makao yao makuu. Kwenye ukingo wa Irente, ambapo mlima unakatika ghafla juu ya tambarare ya Mazinde, maelezo yalikuwa mafupi mno. Hata hivyo, bei ni ya haki, na walimu wa historia wangefaidika kuwapeleka wanafunzi wao.